Mkono wa Ami Ndani ya Stima

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakupata hata siku moja kuuita umeme stima. Nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, sisi wajukuu tulipiga kelele "stima imepotea!" na "stima imerudi!" kama Wakenya wengine wote, naye akatujibu kutoka jikoni: "Kilichopotea ni taa. Stima haipotei. Stima huingia bandarini." Kwake yeye stima ilikuwa meli ya moshi, yenye dohani, ile iliyomchukua kakake akiwa kijana na kumrudisha akiwa na ndevu. Nilikuwa mtu mzima niliposadiki kwamba haki ilikuwa yake: neno hilo lilikaa baharini kwanza, kisha likapanda nchi kavu likaingia kwenye nyaya.

Ami yangu, mdogo wa baba, ndiye aliyefanya kazi ndani ya stima zenyewe. Alipanda meli mwanzoni mwa miaka ya 1950, angali kijana, akawa greza, yaani mtu wa kutia injini mafuta. Meli yake ya kwanza ilikuwa mojawapo ya zile Liberty ambazo Wamarekani walizitengeneza wakati wa vita, 2,710 kwa jumla kati ya 1941 na 1945, ambazo nyingi baada ya vita ziliuzwa kwa wenye meli wa mataifa mbalimbali. Injini ilikuwa na silinda tatu zilizosimama wima, nguvu za farasi 2,500, na rafadha, yaani pangaboi ya kuisukuma meli majini, ikizunguka kiasi cha mara 76 kwa dakika. Namba hizo sikuzipata vitabuni. Nilizipata barazani, usiku, wakati watoto wa nyumba ya pili wakisimuliwa habari za sungura na fisi.

Nilikuwa nikimuuliza kila mara: kwa nini silinda tatu, na kwa nini moja ndogo, ya pili kubwa kidogo, na ya tatu kama pipa? Siku moja akanishika mkono akanipeleka jikoni, bibi akikamua nazi. "Tizama," akasema. "Tui la kwanza ni zito, kikombe kimoja chakoleza chungu kizima. Machicha yale yale bibi yako ayatia maji, ayakamua tena, apata tui la pili, jepesi. Kisha la tatu, jepesi zaidi. Halimwagwi, maana mna utamu bado. Lakini ukitaka la tatu lifanye kazi ya lile la kwanza, kikombe hakitoshi tena. Wataka sufuria."

Mvuke ni hivyo hivyo. Unatoka kwenye boila ukiwa mkali, unaingia silinda ndogo, unasukuma pistoni, unatoka umelegea. Haumwagwi nje. Unaingia silinda ya kati, kisha ile kubwa, na kwa kuwa umelegea unahitaji uso mpana zaidi wa pistoni ili usukume kwa nguvu zinazokaribiana na za mwanzo. Mwishowe unapozwa kwenye kondensa, unageuka maji, na maji yanarudishwa kwenye boila. Tangu siku ile nimesomea injini, nimefanya mitihani ya kila daraja, na sijasikia mwalimu aliyeyashinda maelezo yale ya machicha.

Lakini hadithi iliyonikaa zaidi ni ya mkono.

Injini zile zilikuwa wazi. Mtu akisimama chini yake anaziona krenki, vile viwiko vinavyozungusha shafti, zikipita mbele ya uso wake, chuma kizito kuliko gari, kinapanda na kushuka. Greza alitakiwa atie mafuta huku injini inakwenda, na ajue mapema kama beringi, pale chuma kinapozungukia ndani ya chuma, inapata moto. Kwenye krenki inayozunguka hapakuwa na geji ya joto. Palikuwa na kiganja. Ami aliinama juu ya shimo la krenki, akaupeleka mkono chini sambamba na konrodi, ile fimbo inayounga pistoni na krenki, inaposhuka, vidole vikaigusa beringi kwa muda wa kupepesa jicho, mkono ukatoka kabla chuma hakijarudi. Na kilirudi mara 76 kila dakika. Aliyekosea aliacha vidole humo. Ami alizikwa na vidole vyake kumi.

Alinifundisha kwa cherehani. Mama alikuwa na cherehani ya miguu, na ile fimbo inayotoka kwenye kikanyagio kwenda kwenye gurudumu kubwa, ukiitizama vizuri, ni konrodi na krenki kamili. Nilikuwa na miaka minane. Idi ilikuwa imekaribia na mama alikuwa akishona kanzu za watu, mguu haupumziki. Ami akanichuchumaza ubavuni mwa cherehani akaniambia niguse kiungo cha juu cha ile fimbo pasipo kumsimamisha mama. Mara ya kwanza niliiparamia, ikanipiga kifundo cha kidole, nikalia. Mara ya pili niliingoja ifike, nikakuta imeshapita.

"Kwanza waikimbiza, kisha waingoja," ami akasema. "Mwanangu, acha yote mawili. Keti uitizame mpaka mwendo wake uingie kichwani mwako. Mkono utafuata."

Hakuniruhusu kutia mkono tena siku ile. Nilikaa nikitizama tu, na kesho yake nikatizama, fimbo inakwenda, inarudi, mama anaimba kimoyomoyo. Siku ya tatu mkono ulikwenda wenyewe. Chuma kilikuwa baridi, chenye utelezi wa mafuta, na kilipita chini ya vidole vyangu kama samaki anavyopita chini ya mashua. Mama hakujua kama nimekigusa.

Mvuke wenyewe nikauona kwa macho yangu Changamwe, kwenye reli, miaka ile ile ya 1970. Garimoshi za Garratt zilikuwa zingali zinavuta mizigo kutoka Mombasa kupanda bara, zile za daraja la 59 zenye majina ya milima, uzito wake kiasi cha tani 250. Zilitengenezwa 34 mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950, na mpaka kufikia 1980 zilikuwa zimekwisha kupumzishwa. Mount Gelai bado iko katika makumbusho ya reli Nairobi, na kila nikienda mjini huko hupita kuisalimu. Ila garimoshi hupita. Unaliona kwa dakika mbili, ardhi inatetemeka, limekwenda. Mimi nilitaka injini ambayo ningekaa nayo.

Nikaingia kazi ya baharini, na injini niliyoipata ni dizeli. Sina ubaya nayo, imelisha watoto wangu. Lakini dizeli imejifunika gubigubi. Unaisikia ikinguruma, unaona moshi wake, lakini kinachofanyika ndani hukioni mpaka uifungue, na ukiifungua imeshasimama. Kwa hiyo mtu wa dizeli hujifunza kusoma geji, na akishazoea geji husahau kwamba alikuwa na mkono.

Lilinifika mwaka 1998. Nilikuwa injinia wa tatu kwenye meli ndogo ya mizigo, mwenyewe simtaji. Zamu yangu ilikuwa ya usiku, tumeiacha Pemba upande wa kushoto tukirudi nyumbani. Geji ya joto la beringi ya shafti ilisoma 48. Saa iliyofuata 48. Saa ya tatu 48. Nikaandika kwenye daftari kwa hati nzuri, 48, 48, 48, nikaridhika. Alfajiri rangi ya juu ya beringi ilikuwa imefura malengelenge na harufu imejaa mpaka jikoni. Chuma laini cha ndani kilikuwa kimeyeyuka. Tulielea kwa muda wa saa tisa tukingoja tagi, meli ndogo ya kuvuta nyingine, na mimi nikashushwa kazi Mombasa.

Ilionekana baadaye kwamba waya wa geji ulikuwa umekatika. Lakini mimi sikuwa na haja ya kuambiwa habari za waya. Mashine iliyo hai haikai kwenye namba moja usiku kucha. Bahari inapoa, mzigo unaongezeka, mkondo unageuka, na namba lazima icheze, japo kidogo. Ile 48 iliyoganda ilikuwa ikiniambia tangu saa ya pili kwamba imekufa, na mimi nikaichukua kuwa ndio utulivu. Na beringi yenyewe ilikuwa hatua nne kutoka niliposimama.

Nikaenda kwa ami. Nilimweleza yote, waya na geji na mwenye meli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Mkono wako ulikuwa wapi?"

Tangu siku hiyo sijapita mbele ya beringi, pampu wala bomba bila kuweka kiganja. Kila zamu. Vijana niliofanya nao kazi wanajua kwamba kwangu daftari halitiwi namba kabla mtu hajapita na mkono wake. Kuna pampu moja ya maji niliyoiokoa namna hii, geji zote zikisema salama. Kiganja kilihisi mtikisiko mdogo ambao jana yake haukuwapo.

Sasa nije kwenye meli ya magurudumu, ile inayosukumwa na magurudumu ya makafi badala ya rafadha.

Mwaka 2011, kiangazi cha kwao, nilikuwa injinia wa pili kwenye meli ya makontena iliyofunga gati Greenock, Scotland, mtoni Clyde. Tulikuwa na siku moja ya kungoja. Nikatoka kutembea, na pale gatini nikaona dohani mbili nyekundu zenye mkanda mweupe na kilele cheusi, na ubavuni mwa meli, badala ya ubao mtupu, kisanduku kikubwa cha nusu duara. Nilijua mara moja, ingawa sikuwahi kuiona. Ilikuwa Waverley. Ilishushwa majini mwaka 1946, ikaanza kazi 1947, ikichukua nafasi ya Waverley ya 1899 iliyozamishwa vitani Dunkirk, Ufaransa, mwaka 1940. Mwaka 1974 mwenye nayo aliwauzia watu wa chama cha kuhifadhi meli za aina hii kwa pauni moja, nao wakairudisha kazini. Ndiyo ya mwisho duniani, katika meli za magurudumu zinazobeba abiria baharini, kusafiri mpaka leo. Nikakata tiketi ya kwenda Rothesay na kurudi.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi nilifanya hivyo kwa miguu. Nilikwenda omo, nikaona milima na mvua. Nikaenda tezi, nikaona povu jeupe limenyooka nyuma yetu. Kisha nikashuka katikati ya meli, na sikutoka tena.

Injini iko pale wazi, baina ya vijia viwili ambavyo abiria wote hupita. Hakuna mlango uliofungwa, hakuna ubao wa kukukataza. Kuna reli ya kuegemea tu, na harufu ya mafuta ya moto, na joto linalokupiga usoni kama unavyofunua chungu. Silinda tatu zimelala mshazari, ya kwanza upana wake inchi 24, ya pili 39, ya tatu 62. Kikombe, bakuli, sufuria. Nguvu za farasi 2,100. Injini ilitengenezwa hapo hapo Greenock na Rankin & Blackmore. Fimbo za pistoni zinateleza zinang'aa, zinasukuma konrodi, konrodi zinazungusha krenki tatu kubwa, na ile shafti inatoka kulia na kushoto moja kwa moja mpaka kwenye magurudumu. Hakuna giaboksi. Hakuna klachi. Unachokiona kikizunguka mbele yako ndicho kinachopiga maji.

Nilihesabu kwa saa yangu: mizunguko 43 kwa dakika. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Gurudumu ni kubwa, halihitaji mbio, kwa hiyo injini nzima inakwenda kwa mwendo ambao jicho la mtu linaweza kuufuata. Unaweza kuchagua nati moja ukaifuata ikizunguka, ukaiacha, ukaikuta tena. Baada ya nusu saa niliweza kuona vali inafunguka, mvuke unaingia, pistoni inaanza safari, na huku ya pili iko katikati na ya tatu inamalizia. Krenki zimepangwa kwa theluthi ya duara, ili daima iwepo moja iliyo tayari kusukuma. Miaka ishirini na kitu nilikuwa nikiyajua hayo kwa michoro. Siku ile niliyaona yakitokea, moja likiliita jingine, na nikawa sitaki hata kukohoa.

Karibu yangu palikuwa na baba amembeba mtoto mabegani. Mtoto hakusema neno. Mdomo wazi, kichwa kinakwenda na kurudi pamoja na pistoni. Nilimtizama nikaikumbuka cherehani.

Kuna kidirisha cha kuliona gurudumu lenyewe. Makafi yake ni ya mbao, na nilichokitafuta ni namna yanavyoingia majini. Kafi likikazwa bila kugeuka litayapiga maji kibapa likiingia, na likitoka litayabeba juu bure, nguvu inapotea pande zote mbili. Mvuvi yeyote wa Mtongwe anajua kwamba kafi hutumbukizwa likiwa wima na kutolewa likiwa wima. Gurudumu la Waverley limefunzwa adabu hiyo hiyo: kila kafi lina mkono wake, na mikono yote imeungwa kwenye kitovu kilichowekwa pembeni ya kitovu cha gurudumu, kwa hiyo kadiri gurudumu linavyozunguka makafi yanageuzwa kidogo kidogo, yanaingia karibu wima na kutoka karibu wima. Nilikaa hapo mpaka kioo kikafunikwa na ukungu wa pumzi zangu.

Juu, mvua ilipokatika, nilisimama kidogo nikitizama ule mto na kuwaza habari za nyumbani. Safari zetu za mvuke zilianzia karibu na hapa. William Mackinnon, mwenye kampuni ya Imperial British East Africa iliyoweka makao Mombasa, alizaliwa Campbeltown, chini ya mto huu huu. Kampuni yake ilikuwa na meli ndogo ya gurudumu la nyuma, jina lake Kenia, iliyopanda Mto Tana mwaka 1891 pamoja na Kapteni Dundas, kwa kuwa gurudumu huenda kwenye maji haba ambako rafadha ingekwama. Na ile stima iliyopewa jina la Mackinnon, ambayo iliingia maji ya ziwa pale Kisumu mwaka 1900, ilitengenezwa Paisley, si mbali na Greenock, ikaja Mombasa vipande vipande na kupelekwa bara hata kabla reli haijalifikia ziwa. Wapagazi wa pwani hii waliibeba meli vichwani. Najivunia hilo, na naliona ni jambo ambalo watoto wetu wa Mombasa wangefundishwa pamoja na habari za Fort Jesus.

Tulipokaribia Rothesay nilikimbia chini. Nilitaka kuona inavyosimama. Magurudumu yote mawili yako kwenye shafti moja, huwezi kulipeleka moja mbele na jingine nyuma ili meli igeuke, hivyo kufunga gati kunataka akili na injini ya kutii haraka. Kengele ya telegrafu, chombo ambacho nahodha hukitumia kuwaamuru watu wa injini, ikalia kutoka juu. Injinia akashika wenzo. Mwendo ukapungua, ukapungua, zile krenki zikatulia kabisa, na mvuke ukawa unapumua taratibu kama mtu aliyetua mzigo. Kengele tena. Wenzo upande wa pili, na chuma kile chote, pasipo kusitasita, kikaanza kuzunguka kinyume. Kengele. Kimya.

Kisha injinia akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka tambara mfukoni, akainama, akaweka kiganja wazi juu ya beringi ya kwanza ya krenki. Akangoja kidogo. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Geji zilikuwa ukutani nyuma yake, zimesuguliwa shaba yake inawaka, na hakuzigeukia mpaka alipomaliza. Macho yalinijaa machozi, nami nikashika reli kwa mikono miwili.

Wakati wa kurudi niliirekodi kwenye simu, dakika sita, mpaka tulipokuwa tukifunga gati.

Ami alikuwa na umri wa karibu miaka 80 nilipofika Kibokoni. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamnyang'anya kuona, amelala chumba cha nyuma chenye dirisha la uani. "Shikamoo, ami." "Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini?" Nikasema nimekuja na sauti. Nikaweka simu karibu na sikio lake, sikumwambia ni ya nini.

Alisikiliza kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mvuke huu."

"Ndiyo, ami."

"Silinda tatu." Akangoja tena. "Lakini si rafadha. Yaenda taratibu mno. Rafadha ikienda hivi, meli yapitwa na ngalawa. Hii yasukuma kitu kikubwa."

Nikamwambia: magurudumu ya makafi, ubavuni, moja huku na moja huku. Akacheka kwa furaha, meno yake mawili yakaonekana. Hakuwahi kuiona meli ya namna hiyo maishani mwake, na sasa alikuwa ameijua kwa sikio.

"Ulitia mkono?"

"Kuna reli, ami. Abiria hafikii."

Hakujibu. Nikarudisha sauti mwanzo. Safari hii mkono wake wa kulia ukatoka chini ya shuka, ukaanza kwenda: unashuka, vidole vinagusa kitu, unatoka, unashuka, vidole vinagusa, unatoka, sawasawa na injini, bila kuikimbiza na bila kuingoja. Ikafika pale meli ilipokuwa ikikaribia gati. Kengele ikalia ndani ya simu, mapigo yakapungua, injini ikasimama, na mkono wa ami ukasimama hewani juu ya shuka, ukingoja kengele ya pili.